Samaki wa Maji ya Tope: Uvuvi na Mtumbwi katika Mto Tana, Garissa

Katika Kaunti ya Garissa, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 300 hivi na ambako mikondo ya msimu, inayoitwa lagha, hubeba maji kwa siku chache kisha hubaki mchanga mtupu, Mto Tana ndio mto pekee usiokauka. Na kwa kuwa maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, mto huo huweza kufurika Garissa chini ya anga isiyo na hata wingu moja. Uvuvi wake wote unapaswa kuelezwa kuanzia hapo, kwa sababu wingi wa samaki huamuliwa zaidi na kupanda na kushuka kwa maji kuliko ustadi wa mvuvi au ubora wa nyavu zake.

Wapenzi wa uvuvi wa burudani nchini Kenya humjua besi mdomo-mpana, samaki wa Amerika Kaskazini aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo wa ndoana. Besi huwinda kwa macho: hujibanza kando ya magugu, akamvizia mnyama mdogo apitaye, akamrukia ghafla, na ndiyo maana huhadaiwa kwa chambo bandia kinachometameta. Mbinu hiyo ingekuwa kazi bure Garissa, kwa kuwa maji ya Tana yamebeba chembe nyingi za udongo wa nyanda za juu, na ingawa mabwawa ya huko juu huzuia sehemu ya udongo huo, mto huzila tena kingo zake njiani hadi maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Samaki anayetegemea macho hana makao hapo.

Wanaofanikiwa ni samaki wenye hisi nyingine. Kambare ana jozi nne za sharubu zinazoonja na kugusa, hivyo hupata chakula gizani bila shida, na mvuvi humtegea kwa chambo chenye harufu kali, kama vile minyoo au utumbo wa kuku, katika mshipi wenye ndoana nyingi unaolazwa usiku kucha. Wa ajabu zaidi ni domodomo, mwenye pua ndefu iliyopinda kuelekea chini, ambaye ana kiungo mkiani kinachozalisha umeme hafifu. Umeme huo huuzunguka mwili wake, na kitu chochote kinachouvuruga, kiwe jiwe, windo au adui, hutambuliwa na ngozi yake. Umeme huo haumdhuru mtu, jambo ambalo si kila anayesikia habari zake huliamini. Perege hupenda maji yaliyotulia, naye mkunga wa mtoni ni mgeni wa kudumu, kwani huzaliwa katika Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mchanga, na hurudi baharini kuzaa akiwa amekomaa.

Mto hufurika hasa kati ya Aprili na Juni, na tena mwishoni mwa mwaka wakati wa mvua za vuli. Maji huvuka kingo na kutandaa katika uwanda wa mafuriko, yaani ardhi tambarare inayopakana na mto na kuzamishwa kwa kipindi tu. Kambare huingia humo usiku, hutaga mayai yanayonata kwenye nyasi zilizozama, kisha huyaacha bila ulinzi. Katika joto la Garissa mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na vifaranga hujikuta katika shamba la wadudu na vijidudu vya majini ambalo mto wenyewe haungeweza kuwapa. Perege hufuata njia nyingine, kwani jike huyaatamia mayai kinywani mwake, lakini naye huhitaji maji ya kina kifupi, yenye joto, ambayo mkondo haufiki. Maji yanaporudi, samaki hurudi nayo, na hapo ndipo wavuvi huziba mdomo wa kijito kwa uzio wa fito na kuweka migono, yaani mitego iliyosukwa ambayo samaki huingia asiweze kutoka. Wengine hubaki katika maziwa madogo yenye umbo la upinde, yanayozaliwa mto unapoikata kona yake na kuuacha mkondo wa zamani, kama Ziwa Shakababo huko kwenye delta ya Tana. Ziwa la namna hiyo likikosa mafuriko, huanza kufa. Humo kambare huchelewa kufa kuliko samaki wenzake, kwa kuwa ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa.

Chombo cha kazi hii ni mtumbwi wa gogo moja, unaochongwa na Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya kutoka miti mikubwa ya kando ya mto, kama mkuyu. Penye kina kifupi husukumwa kwa pondo. Penye kilindi hutumika kafi. Mvuvi hodari hashindani na mkondo, bali huutumia: anapovuka, huelekeza omo juu ya mto kwa pembe ndogo, ili nguvu ya maji yenyewe iusukume ubavu wa mtumbwi kuelekea ng'ambo, kwani anayeelekeza omo moja kwa moja upande wa pili hujikuta mbali chini ya mto. Vilevile hukumbuka kwamba katika kona ya mto maji ya upande wa nje huenda kasi na kuchimba ukingo, hali upande wa ndani hujengeka fungu la mchanga, na kwamba samaki hupumzika mpakani mwa maji hayo mawili. Na ili mtumbwi usipinduke, uzito wote hukaa chini. Mafuriko makubwa, hata hivyo, hayajali ustadi: Aprili 2024, barabara kati ya Garissa na Madogo ilipokatika, boti iliyojaa abiria ilizama na watu wakapoteza maisha.

Hatari nyingine ni mamba na viboko, na kanuni zake ni fupi: kutosimama ukingoni jua linapotua, na kutopita kati ya kiboko na kilindi anachokimbilia.

Kazi hii imebaki mikononi mwa jamii chache za kandokando ya mto kwa sababu ya mazoea ya chakula. Kwa Wasomali wafugaji, ambao ndio wengi Garissa, heshima ya sufuria ni nyama na maziwa, na samaki alidharauliwa tangu zamani. Dharau hiyo ni ya desturi, si ya sheria, kwani katika madhehebu ya Shafi wanayoyafuata samaki ni halali hata bila kuchinjwa.

Mabadiliko makubwa zaidi ya mto wenyewe yalikuja na mabwawa ya umeme ya huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yaliziba njia ya mkunga kwenda juu, na yakapunguza mafuriko ya wastani ambayo ndiyo yaliyozalisha samaki, bila kuweza kuzuia yale makubwa, ambayo hushuka mabwawa yanapofurika. Dawa moja inayopendekezwa na wanaikolojia ni mafuriko ya kupangwa, yaani kufungulia maji kwa makusudi katika msimu wa kuzaana, kama ilivyofanyika katika Mto Phongolo nchini Afrika Kusini. Kufungulia kwa siku mbili tatu hakufai. Maji hayo huwaita kambare nyasini kutaga, kisha hukauka kabla vifaranga hawajapata nguvu ya kurudi mtoni, na hasara yake huzidi ile ya kutofungulia kabisa. Uwanda unapaswa kubaki umezama kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ni maji ambayo kampuni ya umeme ingependa kuyaweka akiba kwa ajili ya kiangazi.