Pima Fimbo Kabla ya Kulaumu Mkono

Mchezaji wa gofu atumiaye mkono wa kulia, ambaye mipira ya fimbo yake namba 7 hukimbilia kushoto kila mara, huambiwa abadili mshiko, kisha namna ya kusimama, kisha pigo zima. Huenda pigo lake halina kosa.

Fimbo ikiwa wima mno kwa mchezaji, kisigino cha kichwa cha fimbo hugusa nyasi kwanza, ncha hubaki hewani, na uso wa fimbo hugeukia kushoto. Ikilala mno, ncha ndiyo huchimba na mpira huenda kulia. Fimbo fupi za kulikaribia shimo, zenye uso ulioelekea juu zaidi, huadhibu kosa hili kuliko nyingine.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa dhati ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric, Marekani, na aliyeanza gofu akiwa amevuka miaka 40. Alianzisha kampuni ya fimbo za gofu, PING, mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitumia nukta za rangi kutambulisha pembe ya fimbo na ardhi: nyeusi ni ya kawaida, buluu imesimama zaidi, nyekundu imelala zaidi. Warefu kwa wafupi wakaacha kulazimishwa pembe moja.

Hata hivyo, kimo peke yake hakitoshi. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuishusha mikono tofauti kabisa wakati wa kupiga, na hapo ndipo vipimo vya dukani, mchezaji akiwa amesimama tu, hudanganya. Fimbo ipimwe ikipiga mpira.

Kipimo kizuri hakina gharama. Chora kwa kalamu ya ubao mstari mnene kwenye mpira, uweke mstari ukiwa wima kuelekea uso wa fimbo, kisha piga. Wino utabaki usoni. Alama ikiwa wima, pembe inafaa. Kichwa cha alama kikielekea kwenye ncha, fimbo imesimama mno. Kikielekea kisigino, imelala mno. Rudia mara kadhaa, maana pigo moja si ushahidi.

Urefu, ugumu wa shafti na unene wa kishikio navyo vina uzito wake. Bryson DeChambeau alishinda US Open ya 2020 akitumia fimbo za chuma zenye urefu mmoja, kinyume cha desturi, kwa sababu zililifaa pigo lake.

Fundi mwenye mashine hukunja fimbo nyingi za chuma kwa digrii moja au mbili kwa muda mfupi. Anayenunua seti iliyotumika amwone huyo kwanza, kabla ya kulipia masomo ya kubadili pigo.