Rika Moja la Kahawa

Paukwa! Pakawa. Leo hakuna sungura wala fisi, watoto wangu. Leo kuna tangi la saruji, na hadithi yake ni ya kweli.

Tuanzie Makutano, pale barabara ya Embu inapoachana na ile ya Nyeri. Pandeni matatu. Mtapita mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, mpaka mji wa Meru, ambako kuna Makutano nyingine. Njia hiyo inauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, na ni nchi ya kahawa. Wakulima wa Embu na Meru, pamoja na wenzao wa Kisii, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa na wakoloni kuipanda, katika miaka ya 1930.

Msimu mkubwa wa mavuno, mwezi wa Novemba hivi, wakulima hubeba matunda mekundu hadi kiwandani. Mashine huyamenya maganda. Lakini mbegu inayotoka humo bado imevaa ute mtamu unaonata, na ukiiosha kwa maji peke yake ute haubanduki. Basi mbegu humiminwa tangini, zikaachwa zichachuke. Wapita njia huona tangi limekaa tu. Kumbe ndani kuna kazi kubwa!

Wahandisi wa kemia hukiita chombo cha namna hii riakta ya mkupuo. Riakta ni chombo ambamo kitu huingia kikiwa hiki na kutoka kikiwa kingine. Ile ya mkupuo hujazwa mara moja. Kazi ikishaanza, hakuna kinachoongezwa wala kinachotolewa mpaka iishe. Halafu humwagwa yote, ikaoshwa, ikajazwa upya. Anayo ndugu yake, riakta ya mfululizo: huku malighafi inaingia, kule bidhaa inatoka, usiku na mchana bila kusimama. Ukitaka kutengeneza kitu kilekile kwa wingi mwaka mzima, ndugu huyo anakufaa zaidi, maana hapotezi muda kwa kumwagwa na kuoshwa.

Mbona basi kahawa haipewi mfululizo? Fikirieni rika. Waliotahiriwa pamoja huingia pamoja na kutoka pamoja, na umri wao ni mmoja. Mkupuo ndivyo ulivyo. Mbegu zote za tangi moja zimechachuka kwa saa zilezile. Mtu mvivu akimwaga kahawa ya leo juu ya ile ya jana, ya jana itavunda huku ya leo bado ina ute. Na kahawa iliyovunda ni adui mbaya: mbegu chache tu zinaweza kuharibu ladha ya shehena nzima.

Sasa tuchungulie ndani. Wafanyakazi ni wadogo mno: hamira na bakteria waliokuja na tunda lenyewe kutoka shambani. Wanakula sukari ya ute na kutoa asidi. Vimeng'enya navyo vinaikatakata pektini, ile gundi inayoushikilia ute kwenye mbegu. Katika mmenyuko wa kawaida wa kemia, kazi huwa ya kasi mwanzoni malighafi ikiwa nyingi, kisha hupungua. Tuseme nusu ya kitu huisha kila saa 4. Kilo 8 zitakuwa 4, halafu 2, halafu 1. Angalieni: saa 4 za kwanza zilimaliza kilo 4, na saa 4 za mwisho zilimaliza moja tu. Vijidudu huanza tofauti kidogo. Kwanza wanazaana, kwa hiyo kazi huanza polepole, ikashika kasi, ikapoa chakula kinapokwisha.

Joto nalo lina amri yake. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, mmenyuko mwingi huenda kama mara mbili zaidi. Ndiyo maana kahawa ya bondeni kwenye joto yaweza kuwa tayari kwa saa 12 hivi, na ile ya juu kwenye baridi ya mlima ikangoja saa 36 au zaidi. Saa ya ukutani peke yake haitoshi. Mzee wa kiwanda huchota mbegu na kuzisugua kiganjani. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, maji yafunguliwe! Kwangu mimi hicho ni kipimo cha kitaalamu kama kingine chochote.

Lakini msidhani kila mkupuo ni mpole. Iko mimenyuko inayotoa joto yenyewe, na chombo kikiwa kikubwa, joto hukosa njia ya kutosha ya kutokea. Karibu na Seveso, Italia, Jumamosi ya tarehe 10 Julai 1976, wafanyakazi waliusimamisha mkupuo wa kemikali kabla haujaisha, wakazima na kikorogeo. Ndani joto liliendelea kujikusanya. Saa chache baadaye vali ya usalama ikafunguka kwa shinikizo, na wingu lenye sumu ya dioksini likatanda juu ya makazi ya watu. Tangu hapo Ulaya ikatunga sheria kali za viwanda vya kemikali, nazo zinaitwa kwa jina la mji huo.

Tangi la kahawa halina hatari ya aina hiyo. Zikishaoshwa, mbegu hupita kwenye mifereji, nzito zikizama na nyepesi zikielea, kisha huanikwa juani juu ya meza mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi.

Msimu ukifika, mwombeni mwalimu awapeleke kwenye kiwanda kilicho karibu. Msiiname juu ya tangi. Muulizeni msimamizi limejazwa saa ngapi na usiku ulikuwa na baridi kiasi gani, kisha mkadirie wenyewe litamwagwa lini kabla hajawaambia.