Kipushi: mgodi ulifungwa, zinki haikuisha

Watu wengi wanasema Kipushi ilikufa 1993. Siye tunaoishi hapa tunasema hapana. Mgodi njo ulifungwa, lakini mali ilibaki chini. Kila mtu anayetafuta kazi leo anapaswa kujua tofauti hiyo.

Mji wetu uko kilometa 30 toka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia. Mbele ya Wazungu kufika, bankambo walichimba shaba hapa kwa mikono yao. Union Minière ilifungua mgodi 1924 na kuuita Prince Léopold. Kwanza lilikuwa shimo la wazi, kisha watu wakashuka chini. Leo shimo la P5 linapita mita 1 200.

Watu wa kazi hawakutosha. Kampuni ikaleta wengine toka Kasai, Rwanda, Burundi na Rodezia ya Kaskazini. Mwanzoni walikuja peke yao, kwa kontra fupi. Baadaye kampuni iliona afadhali mwanaume akae na bibi yake: ikatoa nyumba ya kambi, posho, hospitali na shule. Kila mtu alikuja na lugha yake, lakini kwenye kambi na chini ya ardhi waliongea Kiswahili. Bazee walisema: kampuni njo baba, njo mama.

Lakini baba huyo alikuwa mkali. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Lubumbashi wakiomba mshahara upande. Askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Siye wa sendika hatuna ruhusa ya kusahau ile siku.

Mwaka 1967 serikali ilichukua mgodi. Ikawa Gécomin, halafu Gécamines. Toka 1924 mpaka 1993, Kipushi ilitoa karibu tani milioni 60 za mawe. Ndani yake mlikuwa tani milioni 6,6 za zinki na milioni 4 za shaba, pamoja na germanium.

Nini basi ilifunga mgodi? Si kukosa madini. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulianguka. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Jirani tuliyecheza naye mpira alipanda treni na wazazi wake, na nyumba yao ikabaki wazi. Feza ya vipuri ikakosa. Siye tulikuwa bado watoto. Tuliona tu baba anabaki nyumbani asubuhi.

Hata hivyo si wote walibaki nyumbani. Watu wa pompi waliendelea kushuka. Maji ya Kipushi hayapumziki: ukizima pompi, mgodi unazama. Mwaka 2011 pompi zilishindwa, maji yakapanda na kufunika sehemu za chini kabisa. Ilichukua miaka kuyatoa. Kama hao hawakushuka miaka yote ile ya giza, pengine leo hakungekuwa na mgodi wa kufungua. Jina lao haliko kwenye ubao wowote.

Juni 2024 Kipushi ilianza tena kutoa zinki. Vijana wetu wamevaa kofia za kazi, na siye tunafurahi. Ila tunawaomba wasirudie kosa la wazazi, la kuamini kwamba baba hawezi kuondoka.

Wiki moja wajane wawili walitujia. Mmoja alitunza karatasi za malipo za bwana yake ndani ya sanduku la bati, na namba yake ya kazi ilisomeka vizuri. Faili yake inatembea. Wa pili hakuwa na kitu, panya na mvua walimaliza yote. Kazi ya mabwana zao ilikuwa moja, miaka karibu sawa.

Kwa hiyo, kijana: soma kontra mbele ya kutia sahihi. Tunza karatasi ya malipo ya kila mwezi. Uliza namba yako ya CNSS, na uhakikishe kampuni ndogo iliyokuandika inalipa kweli. Mama, jua karatasi ziko wapi. Na kama kwenu kuko muzee aliyefanya kazi ya pompi, mkalishe leo akuelezee, na uandike.