Matumizi ya Data za Setilaiti katika Kubaini Chanzo cha Kusinyaa kwa Ziwa Aral

Ziwa Aral lipo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, katika jangwa lisilo na mvua ya kutosha kulijaza. Uhai wake ulitegemea mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Mnamo 1960 lilikuwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000. Kufikia 2007 ilibaki takribani sehemu moja ya kumi ya eneo hilo.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972. Picha zake hutenganisha maji na nchi kavu kwa kuwa maji hufyonza karibu miale yote ya infraredi, ilhali mchanga na mimea huiakisi. Kwa njia hiyo ukingo wa ziwa huchorwa mwaka baada ya mwaka. Kuanzia 1992, setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilipima kimo cha maji kwa kutuma mawimbi ya rada na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Eneo na kimo vikiunganishwa, ujazo uliopotea hukadiriwa.

Hata hivyo, kupima upungufu si sawa na kueleza sababu yake. Joto likiongezeka au mito ikipungua, ukingo hurudi nyuma vilevile. Hivyo uchunguzi hauna budi kutazama bonde zima. Picha hizo huonyesha pia mashamba ya pamba na mpunga yaliyopanuliwa tangu enzi za Umoja wa Kisovieti, yakimwagiliwa kwa mifereji inayochepusha maji kabla hayajafika ziwani.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa tuta la Kok-Aral, lililokamilika mwaka 2005 ili kuzuia maji ya Syr Darya yasitiririkie kusini. Katika muda usiozidi mwaka mmoja, kimo cha sehemu ya kaskazini kilipanda hadi mita 42 hivi juu ya usawa wa bahari, na uvuvi ukafufuka. Kusini, sehemu ya mashariki ilikauka kabisa mwaka 2014. Tuta halikubadili hali ya hewa. Lilibadili mgawanyo wa maji.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wakazi wa Moynaq, mji uliokuwa bandari ya uvuvi na sasa hupigwa na vumbi lenye chumvi. Kama chanzo kikuu kingekuwa ukame, wangebaki kungoja mvua. Kwa kuwa ni uchepushaji wa mito, suala ni la uamuzi wa watu, na uamuzi waweza kubadilishwa.