Eksirei Safi Si Mgongo Mzima



Kuna maneno tumeyazoea kazini: "Eksirei yako safi, rudi kwenye magunia." Mpakiaji anatoka zahanati akiburuta mguu, na msimamizi anamwita mvivu. Ni lazima tujue picha hizi zinasema nini.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski. Nje ni ukuta mgumu wa nyuzi, ndani ni ute mzito. Ukuta ukichanika, ute hutoka na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu hushuka takoni mpaka unyayoni. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski. Kinachoionyesha ni kipimo cha MRI, yaani mashine ya sumaku.

Wengi hupona bila kisu. Kwa waliopasuliwa, diski ile ile huweza kutoka tena, kwa kawaida kwa watu 5 hadi 15 katika 100. Hatari si sawa kwa wote. Mwaka 2003 Daktari Eugene Carragee na wenzake, Marekani, walieleza kwamba palipokutwa ufa mdogo ukutani, mgonjwa 1 tu katika 100 alirudiwa. Palipokutwa tundu kubwa walirudiwa 27. Basi muulize daktari aliyekupasua: tundu lilikuwa kubwa kiasi gani? Jibu aliandike.

Lakini picha hukata kuwili. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika watu 100 wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, 80 hivi wana diski zilizochakaa. Kwa hiyo mwajiri asimfukuze mtu kwa sababu ya picha peke yake.

Tufanye haya:

1. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, na nakala ipewe Chama.
2. Tunza picha na barua za daktari. Ndizo ushahidi wa fidia.
3. Aliyepasuliwa adai kazi nyepesi kwa maandishi.
4. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la 1967, linataka mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 90 si la mtu mmoja.
5. Ukishindwa kuzuia mkojo, au ukifa ganzi sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Gunia likipasuka hushonwa. Mgongo wa mfanyakazi hauna akiba stoo. Tuulinde kwa umoja.