Senti Zenye Mwaka Maradufu: Ipi Yenye Thamani?

Zipo senti za Kimarekani ambazo mwaka wake husomeka kana kwamba umeandikwa mara mbili, tarakimu juu ya tarakimu. Baadhi yake huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na nyingine hazizidi senti moja. Kwa jicho la haraka zote zafanana. Wajuzi wa sarafu wamebishana juu yake kwa miongo mingi, na kwa kuwa vitu viwili vikipewa jina moja mnunuzi ndiye apataye hasara, tumeona yafaa kulieleza jambo hili.

Yatupasa kwanza kujua sarafu huzaliwaje. Kisahani cha madini huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma, ikakibana kwa nguvu nyingi, na picha na maandishi yakatokea. Mihuri hiyo nayo ina mama yake: muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama ilivyoinuka juu ya sarafu, hukandamizwa katika chuma kitupu ukaacha umbo lililozama. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kilizidi ugumu kwa kubanwa, kikarudishwa motoni kilainike, kisha kikabanwa tena. Ikiwa mara ya pili hakikukaa palepale, hata kwa kiasi cha unywele, muhuri ulipata picha mbili, na kila sarafu iliyopigwa nao ikatoka na picha mbili zilezile. Hiyo ndiyo sarafu ya muhuri maradufu.

Mashuhuri kupita zote ni senti ya mwaka 1955 iliyopigwa Philadelphia. Kosa liligunduliwa baada ya sarafu hizo kuchanganyika na nyingine nyingi, wakuu wa kiwanda wakaona kuziyeyusha zote ni hasara. Yakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 zilitoka. Nyingi zilipatikana katika chenji iliyofungwa pamoja na pakiti za sigara za mashine. Huenda hiyo ndiyo faida pekee ambayo sigara imewahi kumpa mtu.

Kwa kuwa mihuri hukosea kwa njia mbalimbali, wataalamu waliipanga katika mafungu manane. Fungu la kwanza ni muhuri uliozunguka kidogo baina ya mikandamizo. Lingine ni uliosogea upande mmoja. Lingine ni uliokandamizwa kwa mihuri mama miwili yenye michoro tofauti. La nane, la muhuri ulioinama, limeleta maneno mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilianza kutengeneza mihuri kwa mkandamizo mmoja tu, na wengi walidhani umaradufu umekwisha. Haukwisha. Wajuzi wakaeleza kwamba chuma huanza kikiwa kimeinama, muhuri mama ukagusa, kisha kikajiweka sawa katikati ya mkandamizo huohuo. Maelezo hayo twayaona ya karibu na akili, kwani umaradufu wa siku hizi huonekana zaidi katikati ya sarafu.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa zile zifananazo. Muhuri uliolegea katika mashine husogea mara tu baada ya kupiga, ukazikwaruza herufi. Baadhi ya wataalamu husema huo ni uharibifu tu, kwa kuwa sarafu ilikwisha kukamilika. Wengine huuhesabu kuwa sehemu ya upigaji. Upo pia umaradufu wa muhuri uliochakaa. Senti nyingine ya 1955, ambayo tarakimu yake ya mwisho imevimba kwa uchakavu huo, imepewa jina la muhuri maradufu wa maskini, na wapo waliolilipia jina hilo. Sisi twasema wazi: mwenye kuiuza hiyo kwa jina la ile ya kwanza, naye ajua, ameghushi.

Basi watu hutenganishaje? Katika muhuri maradufu wa kweli, picha ya pili ina unene wake, na ncha za herufi huonekana zimegawanyika. Katika mkwaruzo wa mashine, kivuli ni bapa, kama kidato cha ngazi, nayo herufi yenyewe imekonda kwa sababu imekatwa ubavuni.

Lakini dalili tuipendayo zaidi imo katika senti ya 1969 ya San Francisco, yenye herufi ndogo S chini ya mwaka. Muhuri maradufu wa senti hiyo ni adimu mno, na zilipotokea za mwanzo, maafisa wa serikali walizichukua baadhi wakizidhania za bandia, kwa kuwa senti za bandia za mwaka huo zilikuwa zimeshikwa. Baadaye ikathibitika kuwa ni halali. Zama hizo herufi S haikuwamo katika muhuri mama. Iligongwa kwa mkono baadaye, muhuri ukiwa tayari. Kwa hiyo mwaka ukiwa maradufu na S ikawa moja, kuna jambo la kuchunguza. S nayo ikiwa maradufu kwa upande uleule, ni mashine iliyoyumba, na senti hiyo ni senti.