Punguzo kwa Magari ya Kifahari: Nani Hasa Analilipia?

Katika mitaa ya Mwigobero, mjini Musoma, gari la kifahari halipiti bila kutazamwa. Magari mengi yanayopita kati ya soko na mwalo ni ya kazi: bodaboda, bajaji, Noah na Probox zilizosheheni abiria na magunia, na malori yanayosubiri samaki. Likitokea Range Rover, Mercedes-Benz au Land Cruiser ya kizazi kipya, watu hugeuza shingo. Huenda mwenyewe ni mfanyabiashara wa mjini, au mtu aliyefanikiwa katika dhahabu ya Mara, au mgeni aliyepitia Bunda akitoka Serengeti. Magari ya namna hiyo ni machache, na kwa sababu ni machache, kila mwenye eneo la kuoshea magari hulitamani moja liegeshwe mbele ya eneo lake.

Hapo ndipo yanapozaliwa mabango ambayo msomaji wetu bila shaka amekwisha kuyaona, Musoma au kwingineko: nusu bei kwa magari ya kifahari, kung'arisha rangi bure kwa atakayeleta gari la aina fulani, osha mara mbili, ya tatu bure. Baadhi ya mapunguzo haya ni ya kweli na hayana ubaya wowote. Mengine humgharimu mlaji zaidi ya bei kamili. Makala hii inaeleza namna ya kuyatofautisha, na inawahusu hata wale ambao hawatamiliki gari la kifahari maisha yao yote, kwa sababu tutakazozionyesha.

Tuanze na hesabu. Tuseme mwenye kituo hutoza shilingi 40,000 kwa kazi kamili: kuosha nje, kusafisha viti na zulia, kusafisha dashibodi na buti, kisha kupaka nta na kung'arisha. Katika fedha hiyo, tuseme shilingi 28,000 humalizikia kwenye ujira wa vijana, sabuni, nta, maji, umeme wa mashine ya presha, kodi na ushuru. Faida yake ni 12,000. Sasa akatangaza punguzo la robo bei, yaani atoze 30,000. Gharama zake hazikupungua kwa sababu ya bango. Bado ni 28,000. Faida iliyobaki ni 2,000. Punguzo la robo ya bei limekula sehemu tano kati ya sita za faida yake, naye atalazimika kuosha magari sita ili apate kile alichokuwa akikipata kwa gari moja. Akitangaza nusu bei, kila gari linamtia hasara ya shilingi 8,000.

Takwimu hizo ni za mfano tu, na kila kituo kina zake. Lakini mwendo wa hesabu hiyo haubadiliki, nao unatuachia swali moja: mtu aliyepunguza bei kiasi hicho, fedha iliyokosekana anaitoa wapi?

Wakati mwingine anaitoa mfukoni mwake kwa hiari. Amefungua kituo mwezi huu na anataka kujulikana. Au ni majira ya mvua, ambapo watu hawaoshi magari kwa kuwa matope yatarudi kesho yake, na vijana wamekaa bila kazi. Punguzo la namna hiyo huwa na sababu inayotajika na huwa na mwisho. Mmiliki anaweza kukuambia bila kusita kwamba ni la wiki mbili, au la wateja wa mara ya kwanza. Hatuna neno juu yake; ni ushindani halali, na mlaji anaufaidi.

Mara nyingine gari la kifahari lenyewe ndilo tangazo. Mmiliki yu radhi kupata hasara juu ya Range Rover moja ili mpita njia aione na kusema moyoni, kama mwenye gari lile ameliamini eneo hili, mimi na IST yangu ni nani hata nisiliamini? Hapa ndipo mlaji wa kawaida anapoingia katika habari hii. Gharama ya kulivutia gari lile itarudishwa na wale walioletwa na kuonekana kwake, yaani wewe na mwenzako mwenye Noah. Aidha, kuwapo kwa gari la thamani uani si ushahidi wa ustadi. Huenda mwenye gari hakuuchagua ustadi wa fundi. Alichagua punguzo, na hatajua matokeo yake hadi jua la mchana lipige juu ya boneti.

Wapo wanaouliza kama ni haki gari la kifahari lipunguziwe bei na la kwao lisipunguziwe. Jibu letu huenda lisiwapendeze wote. Mfanyabiashara hafungwi kumtoza kila mteja bei moja. Anaruhusiwa kuwabembeleza wateja anaowataka, kama muuza samaki anavyomwongezea mteja wake wa siku zote. Asichoruhusiwa ni kusema uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au manufaa ya huduma anayoiuza. Bango linalosema bei ilikuwa 60,000 na sasa ni 30,000, ilhali hakuna mteja aliyewahi kutozwa 60,000 hapo, si punguzo. Ni bei ya kawaida iliyovikwa nguo ya sikukuu. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za magari ya fahari zilizookotwa mitandaoni na kuwekwa kana kwamba ni kazi ya kituo hicho. Uliza kwa upole: gari hili mliliosha lini, na nani alilishughulikia? Aliyelifanyia kazi atakumbuka.

Tumefika kwenye namna ya tatu ya kufidia punguzo, nayo ndiyo inayotuletea mashaka zaidi: kuipunguza kazi yenyewe. Ili kuielewa, yafaa kujua kidogo kuhusu rangi ya gari.

Rangi ya kiwandani haikupakwa mara moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha la msingi, kisha rangi unayoiona, na juu yake tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua. Katika magari mengi unene wake ni kati ya maikromita 40 na 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa binadamu. Mtu anapong'arisha gari kwa mashine na dawa yenye chembe za kukwangua, haongezi kitu juu ya rangi; anapunguza klia kidogo ili mikwaruzo isionekane. Fundi mwangalifu hupunguza maikromita chache tu, kwa dawa laini na mwendo wa polepole. Fundi anayefukuzia magari sita kwa siku huchukua dawa kali na sponji ngumu, na ndani ya nusu saa gari linang'aa kama kioo. Mteja hutabasamu, akalipa. Baada ya miezi kadhaa sehemu zilizokwanguliwa mno, hasa kingo za boneti na paa, huanza kupauka, kisha kubabuka. Klia ikiisha hairudishwi kwa nta wala kwa polishi. Dawa yake ni kupaka rangi upya, na gharama ya kupaka boneti moja inameza mapunguzo ya miaka mingi.

Tena magari mengi yanayoitwa ya kifahari katika barabara zetu yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, aghalabu kutoka Japani au Uingereza. Hakuna ajuaye yalikwisha kung'arishwa mara ngapi kabla ya kupandishwa melini. Fundi anayeijua kazi hupima kwanza kwa kipima unene wa rangi, kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, au angalau hujaribu sehemu ndogo iliyofichika na kukuonyesha kabla ya kuendelea. Asiyekuwa na kipimo wala subira ya kujaribu, mkatalie kung'arisha. Mwache aoshe tu.

Hata kuosha kwenyewe kuna hatari zake. Kitambaa kilichoanguka chini na kuokotwa hubeba mchanga, na mchanga huchora miduara myembamba utakayoiona jua likiwa kali. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote iliyokuwapo. Dawa kali za kusafishia rimu, zikiachwa zikauke, huacha madoa yasiyotoka. Maji ya presha yakielekezwa ndani ya injini huweza kuingia kwenye viungio vya umeme, na magari ya kisasa yana viungio vingi kuliko yale ya zamani. Viti vya ngozi havipendi kulowanishwa kama zulia. Hakuna kati ya mambo haya linalohitaji mtambo wa bei kubwa; yanahitaji muda, na muda ndicho kitu cha kwanza kukatwa bei inapokatwa. Katika vituo ambako kijana hulipwa sehemu ya bei ya kila gari, punguzo hushuka moja kwa moja hadi kwenye ujira wake. Tusimlaumu akiharakisha.

Kwa hiyo, wako wenye vituo wanaosoma kijitabu hiki, nasi tunawaambia waziwazi kwamba punguzo kubwa huwafukuza wateja wale wale wanaowawinda. Mtu aliyelipia gari mamilioni mengi hashituliwi na shilingi elfu kumi. Anashituliwa na wazo la mkono usiojulikana kuligusa gari lake. Kumwonyesha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, vitambaa safi vilivyotengwa kwa ajili ya rangi na vingine kwa ajili ya magurudumu, pamoja na karatasi iliyoorodhesha bei ya kila kazi, kutamvuta zaidi ya bango. Na vitu hivyo humfaa mwenye Probox vilevile.

Kuna gharama nyingine inayoweza kukatwa bila mteja kuiona, nayo ni ya maji. Mwigobero iko kando ya Ziwa Victoria, na kishawishi cha kushusha magari hadi ukingoni na kuyaoshea huko ni kikubwa, kwani hapo maji hayana bili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambamo shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, haziruhusiwi. Oili, grisi na povu linaloachwa ziwani halipotei. Wakazi wa Musoma hunywa maji ya ziwa hilo hilo, na wavuvi hutega nyavu humo humo. Bei ikiwa ya chini mno na kazi ikafanyikia majini, basi sehemu ya malipo imehamishiwa kwa watu ambao hawakuoshewa gari.

Namna ya nne ya kufidia punguzo ni nyongeza. Gari huingia kwa 20,000 na kutoka kwa 65,000, kwa kuwa vijana waliona ni vyema wasafishe injini, wapake dawa kwenye matairi na kuondoa harufu ndani, yote hayo bila kuulizwa. Hukuagiza, hudaiwi, lakini ni vigumu kulisema hilo ukiwa umesimama uani na funguo zako ziko kwa mwingine. Ndiyo maana tunasisitiza makubaliano yafanyike kabla ya funguo kutoka mkononi. Taja kazi moja moja. Uliza bei ya jumla, si punguzo. Punguzo ni asilimia, na asilimia hailipwi dukani. Kinacholipwa ni shilingi. Mtumie mmiliki ujumbe mfupi wa simu wenye kazi na bei mliyokubaliana, naye ajibu. Ujumbe huo utakufaa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kabla ya kuliacha gari, lizunguke na simu yako ukipiga picha pande zote nne, rimu, dashibodi na kipimo cha mafuta. Ondoa fedha na nyaraka. Ukilichukua, lizunguke tena, ikiwezekana juani na likiwa limekauka, kwani maji huficha mikwaruzo. Dai risiti ya EFD yenye kiasi ulicholipa hasa. Anayekupa bei mbili, moja yenye risiti na nyingine isiyo na risiti, hajakupunguzia kitu, amekunyang'anya ushahidi.

Huenda ukaonyeshwa bango lisemalo kwamba uongozi hauhusiki na uharibifu au upotevu wowote. Lisikutishe. Sheria inamtaka anayetoa huduma kwa mlaji aitoe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na ubao uliopigiliwa ukutani haumwondolei wajibu huo.

Ukigundua uharibifu, rudi siku ile ile na uzungumze na mwenye kituo mwenyewe, si kijana aliyeshika kitambaa. Wengi hupenda kuyamaliza hapo, kwa kurekebisha au kurudisha fedha. Usikubali lakini kwamba kosa la kukwangua rangi lirekebishwe kwa kukwangua zaidi. Kwanza tafuta fundi rangi mwingine alitazame gari na aandike anachokiona. Msipoelewana, andika malalamiko na kuyafikisha Tume ya Ushindani: tarehe, mahali, kazi mliyokubaliana, bei iliyotangazwa na uliyotozwa, pamoja na nakala za picha, ujumbe na risiti. Kama bango la punguzo lingali limesimama, lipige picha nalo kabla halijateremshwa. Barua haihitaji wakili wala lugha ya mahakamani. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono unatosha.